Uvimbe kwenye titi: kisu, sindano au uachwe? Tupeane uzoefu

Mtoa mada: Wakuu, binti wa miaka 20 na kitu ana kinundu kinachoteleza chini ya vidole, hakiumi. Lazima apasuliwe? Wanaoijua kazi hii karibuni.

Nesi Tieta: Si lazima. Cha hivyo mara nyingi ni faibroadenoma, si saratani, ila usiridhike kwa kupapasa tu. Daktari akague titi na kwapa, ipigwe altrasaundi (aliyevuka 40 apige na mamogramu, yaani eksirei ya titi), kisha sindano ichukue kinyama. Majibu yote yakikubaliana kuwa si saratani, na kinundu hakijafika sentimita 3, kinaachwa na kupimwa tena baada ya miezi 6 hivi. Kikikua haraka kitolewe. Huenda ni filodesi, uvimbe mwingine wa titi unaofanana nacho, na hiyo isipotolewa na nyama salama ya pembeni hurudi palepale.

Mdau: Na ukiwa wa maji?

Nesi Tieta: Yananyonywa kwa sindano. Yakiwa na damu, au uvimbe ukibaki, yaende maabara.

Mzee wa Hadubini: Kazi huharibikia baada ya kisu. Ndugu wanaonyeshwa uvimbe kwenye kibakuli, halafu unatupwa! Au unaletwa ndani ya glavu umeshakauka, au kwenye maji ya dripu, unafika umeoza. Inatakiwa formalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya kinyama chenyewe. Chupa iwe ya mdomo mpana, maana nyama huingia laini ikakakamaa humo, na kwenye mdomo mwembamba haitoki. Jina libandikwe ubavuni, vifuniko hubadilishana. Penye shaka ya saratani, daktari ashone nyuzi za alama kwenye kinyama kilichotolewa, kwa kawaida fupi upande wa juu na ndefu upande wa kwapa, ili tukikuta ukingo mchafu, yaani wenye seli za saratani, ajue arudi wapi. Mgonjwa asiondoke bila kujua kinyama kimepelekwa maabara gani.

Nesi Tieta: Baada ya kupasuliwa, nyumbani avae sidiria ya kushika vizuri, isiyo na waya, usiku na mchana. Titi likijaa na kukaza ndani ya saa 24, damu inavujia ndani: arudi usiku huohuo, asingoje kliniki.

Mdau: Ikiwa saratani, titi lote?

Mzee wa Hadubini: Ikiwahiwa, kutoa uvimbe na kupigwa mionzi humpa uhai sawa na kukata titi lote. Ila mionzi ni kila siku ya kazi, wiki 3 hadi 5 au zaidi, hospitali kama Ocean Road (Dar es Salaam) au Bugando (Mwanza). Wa mbali apange malazi kabla ya kuchagua. Kinyama hichohicho kipimwe ER na PR (vipokezi vya homoni kwenye seli za saratani) na HER2 (protini inayochochea seli hizo kukua), maana tamoxifeni, kidonge cha kuzuia homoni, ya miligramu 20 kwa siku haimsaidii mwenye ER hasi.