Mrejesho: maji machafu ya kiwanda chetu cha maziwa

Wakuu habari zenu, mimi ndo yule niliyeuliza kuhusu maji ya kiwanda chetu kidogo cha mtindi na jibini hapa Njombe, yalikuwa yananuka mpaka majirani wakalalamika. Asanteni sana wote mlionijibu.

Nilianza na ushauri wa kutenganisha yale maji yanayobaki ukishatoa jibini, sasa wafugaji wa nguruwe wanayabeba yote na kwa kweli hiyo peke yake imepunguza mzigo kuliko kitu kingine chochote. Halafu kwenye maji machafu yaliyobaki tukaweka chokaa, pH (kipimo cha uchachu) ikapanda mpaka 7, tukamwaga tope lenye bakteria wanaokula uchafu kutoka mabwawa ya majitaka, pampu inawapulizia hewa usiku na mchana. Wiki ya tatu harufu ikaisha!

Ila wiki ya tano bakteria wakafa karibu wote, tulisafisha matenki ya maziwa kwa klorini na maji yote ya usafi yakawaingia bakteria kwa mkupuo, iliniuma sana. Tukaanza upya, siku hizi maji ya usafi yanakaa pembeni kwanza yanaingizwa kidogokidogo. BOD (kipimo cha uchafu unaooza kwenye maji, kwa oksijeni ambayo bakteria wanaitumia kuuozesha) sasa ni 85 mg/l, kiwango cha juu kinachoruhusiwa Tanzania ni 30 kwa hiyo hatujafika bado. Ule ushauri wenu wa kuongeza urea (mbolea ya naitrojeni, kuwalisha bakteria) sijaujaribu.