Mashine ya kukatia nyasi imegoma kuwaka, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nimenunua mashine ya kukatia nyasi iliyotumika, ya petroli. Aliyeniuzia alisema ilikaa stoo muda mrefu, na kweli imegoma kuwaka. Nimemwaga petroli ya zamani nikaweka mpya. Oili ipo. Plagi nimeisugua masizi; nikiigusisha kwenye chuma cha injini na kuvuta kamba, cheche naiona vizuri. Kinachonisumbua ni hiki: nikidondoshea petroli kidogo kwenye tundu la plagi kisha nikaifunga, inanguruma sekunde mbili tatu halafu inazima. Hapo nashuku kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), huenda tundu lake dogo limeziba kwa utando wa petroli iliyolala. Sijawahi kufungua kabureta. Niifungue mwenyewe, au nianze na mpira wa mafuta na filta? Nyasi zimeshafika magotini.