Walioshika hela ya korosho ikaisha, na ambao hamjawahi kuishika kabisa: imani ilikusaidiaje kuridhika? Tupeane uzoefu

Habari zenu ndugu zangu, hasa wa kusini. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, naona nianze mimi kutoa langu halafu na nyie mtoe yenu, ila tusihubiriane jamani, mtu aseme kilichomkuta yeye.

Mimi wa Newala. Mikorosho mingine nilirithi kwa baba, mingine nilinunua. Sasa ule msimu wa 2017 bei ilivyovuka 4,000 kwa kilo mnadani, aliyekuwepo huku anajua, pikipiki zinapita barabarani hazina hata namba, watu wanaagiza bia saa tatu asubuhi, mpaka fundi cherehani anakuambia njoo baada ya wiki mbili. Mimi pombe sinywi na nilikuwa mzee wa kanisa, basi nikajiona ndo mwenye akili kijiji kizima. Nikanunua bodaboda mbili nikawapa vijana waendeshe, nikaezua nyasi nikapiga bati, mwanangu alivyotoka jando nikafanya sherehe siku tatu na mziki wa kukodi kutoka Masasi. Fungu la kumi nilitoa sikatai, ila nilitoa huku naangalia nani ananiona.

Cha ajabu usingizi ukapotea. Saa nane usiku naamka naangalia salio kwenye simu, hela ipo, nalala, saa tisa naangalia tena. Mke wangu siku moja akaniuliza baba nanii, kwani hiyo hela ina miguu?

2018 nikakopa mapema kwa kutegemea bei ile ile. Oktoba wanunuzi wakaja na bei za chini wakulima tukagoma kuuza, Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua yote kwa 3,300, malori ya jeshi yakaja kusomba. Bei haikuwa mbaya hata kidogo, shida ilikuwa kusubiri, mara uhakiki wa mashamba, mara jina halionekani, mara namba ya akaunti imekosewa. Mwenye deni lake yeye hahakiki, anataka hela. Bodaboda zote mbili zikaondoka siku moja, na moja ilikuwa haijamaliza hata mwaka.

Krismasi ile tulikula ming'oko, ile mizizi ya kuchimba porini. Mke wangu alichemsha sufuria moja, chumvi na pilipili pembeni, watoto wanamenya wanacheka kama kawaida, mwenye msiba nyumba nzima nilikuwa mimi peke yangu. Jumapili iliyofuata katekista wetu akasoma Habakuki ile sura ya tatu, mtini usipochanua na zizini pasipokuwa na ng'ombe, alivyofika kwenye mtini akasema "mkorosho". Watu wakacheka. Halafu kanisa zima likawa kimya, maana kila mtu pale ana mkorosho wake na deni lake. Mimi nililia njiani, baba mzima juu ya baiskeli ya kuazima. Usiku ule nililala mpaka jogoo.

Sasa swali linalonisumbua mpaka leo ni hili: ile amani alinipa Mungu au ni kwa vile sikuwa tena na cha kuibiwa? Karibuni.

mbanguaji_mnazimmoja
Kaka pole, umenikumbusha mbali. Mimi shamba sina na sijawahi kuwa nalo, mimi nabangua na kuwauzia abiria wa mabasi. Nyie mnauza gunia, sisi tunakaanga kwenye bati nje ya nyumba, zile korosho zinawaka moto kabisa zinarusha mafuta, unazimwaga kwenye mchanga ndo unaanza kugonga moja moja. Mafuta ya ganda yanababua vidole hata ujipake majivu vipi, alama za vidole vyangu nyie zimefutika, siku ya kusajili laini yule kijana akanigandisha nusu saa mashine inakataa dole, nikamwambia mwanangu hilo dole liko kwenye korosho za watu wa basi.

Mume wangu alipofariki nilikuwa na watoto wanne na debe moja la korosho za mkopo. Sikuwa naona Mungu popote, semeni mnavyotaka. Aliyekuja asubuhi na unga kilo tano ni jirani yangu mama wa Kiislamu, akauweka mlangoni akaondoka hata hodi hakupiga ili nisione aibu. Mimi nikasema basi, Mungu ametuma mtu wa karibu, asiye wa jumuiya yangu. Tangu hapo nikikaa kwenye bati langu naanza na kushukuru, nikimaliza nagonga. Sina kitu ila sioni wivu basi la wenye hela likisimama. Lakini msinielewe vibaya, bei nilipandisha. Kuridhika hakunizuii kumwambia abiria pakti hiyo haipungui.

kiwanja_cha_gesi
Mimi niko Mtwara mjini, yangu sio korosho, ni gesi. Wakati ule kila mtu anasema Mtwara itakuwa kama Dubai, watu wa Dar wanashuka na ndege wananunua viwanja hata hawajaviona, na mimi nikauza shamba la urithi (mjomba hajanisamehe mpaka leo na huku kwetu mjomba ndo mwenye kauli) nikajenga nyumba ya wapangaji vyumba nane nikisubiri mainjinia. 2013 vurugu za bomba zikatokea, 2015 bomba likakamilika gesi ikaenda Dar, na mainjinia wangu wakaenda nayo. Vyumba nane, wapangaji wawili, mmoja wao mwalimu anayelipa kwa vipande.

Hapo ndo nikaangukia kwa mtumishi mmoja simtaji, akaniambia panda mbegu, yaani toa sadaka, uone vyumba vinajaa. Nikapanda laki tatu. Nikapanda tena laki mbili za kuazima. Kilichoota ni deni. Nilimchukia Mungu kabisa nikaacha kusali karibu mwaka, aliyenirudisha ni yule mwalimu mpangaji, jioni anakaa barazani anasoma Biblia yake kwa sauti, sio kwa ajili yangu, ndo alivyozoea. Siku hiyo akasoma ile sala ya kwenye Mithali, usinipe umaskini wala utajiri. Nikamwambia rudia hapo. Nilikuwa sijui kama inaruhusiwa kuomba kitu cha katikati.

mtu_wa_nachingwea
Mnisamehe wapendwa lakini mimi haya mambo ya kuridhika yananipa shida. Mbona anayeambiwa aridhike ni mkulima tu? Bibi yangu kila mwaka kabla ya msimu anauza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi, korosho ikiwa bado ua, bei ya kutupa, kwa sababu anadaiwa ya chakula. Anayenunua ana ghorofa na anakaa benchi la mbele. Bibi anafundishwa kuridhika, yule anafundishwa nini?

mzee_wa_ndanda
Mjukuu hasira yako haina kosa. Ila yule wa benchi la mbele naye ana somo lake, Luka 12, tajiri aliyesema atavunja ghala zake ajenge kubwa zaidi, usiku ule ule akaitwa. Miaka yote niliyosali huku kwenye stakabadhi ghalani (korosho zinawekwa ghalani zikisubiri mnada) na magunia, hilo somo nimelisikia likihubiriwa msimu wa mnada mara moja tu. Mara nyingi linasomwa Machi, maghala yakiwa matupu. Mwambie paroko wako alisome Oktoba.

Na bibi mkimpa laki ya chakula mwezi wa saba nyie wajukuu mlio mjini, kangomba hamuoni.

mtu_wa_nachingwea
Hapo umenipiga mzee. Sina la kujibu.

dada_nesi_nanyumbu
Mimi fupi. Nilikopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, nikanunua kochi na tivii kubwa ili wageni wa kipaimara cha mwanangu wasinione fukara. Vilikaa sebuleni miezi minne wakaja kuvibeba mchana kweupe majirani wanaangalia. Siku hizi wageni wanakaa mkekani na wanakaa muda mrefu kuliko zamani, sijui kwa nini.

mleta mada
Nimesoma zote, asanteni, dada wa Mnazi Mmoja nikipita nitanunua kwako na bei siombi ipungue.

Nimalizie la kwangu maana niliuliza swali mwenyewe. Jibu limekuja kwa bei. Msimu wa 2024 minada ilivyofunguliwa ikapita 4,000 tena, na mwaka huo niliamka mapema kwelikweli, kupuliza salfa alfajiri upepo haujaanza, macho yanawaka, ule ugonjwa wa mikorosho wa ubwiriunga haukunipata. Hela ikaingia. Nikalipa ada za watoto, nikatoa sadaka kwenye bahasha bila jina, nikasema sasa tuone kama nimejifunza kweli au nilikuwa mtakatifu wa njaa.

Usiku wa kwanza nililala. Wa pili nililala. Wa tatu saa nane nikaamka mkono ukaenda wenyewe chini ya mto kutafuta simu.

Haikuwepo. Mke wangu alishaihamishia upande wake tangu hela iingie, na akaniambia bila kufumbua macho, lala baba nanii, haina miguu.