Kutoka Moshi na mama mkwe: bichi gani tulivu?

Mama Pacha, Pasua
Habari za jioni. Desemba shule zikifunga nataka kumpeleka mama mkwe baharini. Ana miaka 71, mzaliwa wa Machame, bahari ameiona kwenye kalenda tu. Tutakuwa saba kwenye Noah, wakiwemo pacha wangu wa miaka 6. Sitaki bichi ya maspika na bia, maana mama ni mzee wa kanisa na hafichi akichukia. Nataka akae kwenye mkeka, avue viatu, basi. Twende wapi? Na tunaweza kwenda na kurudi siku moja?

Kijana wa Soweto
Siku moja? Dada, Moshi hadi Tanga ni kama kilomita 350. Mtafika muda wa kugeuza. Laleni Tanga mjini, muende Raskazone, yaishe.

Baba Neema, Sakina
Raskazone nilienda sikukuu, pa kutandika mkeka hapakuwepo. Mama Pacha, nendeni Ushongo, ng'ambo ya Pangani. Mkilala Tanga, asubuhi Pangani ni kama kilomita 50, mnavuka kwa kivuko mpaka Bweni, halafu mnafuata njia ya mkonge na minazi.

Ila tazama mwezi kwanza. Sisi mwaka juzi tulifika saa tano, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Nikawashusha watoto na maboya yao, mdogo akaangaza huku na huku: "Baba, bahari iko wapi?" Maji yalikuwa yamekupwa mpaka kule, mchanga mtupu, ngalawa zimelala ubavu. Kilomita zote hizo! Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu akanicheka: siku za bamvua, yaani bahari inapojaa na kupwa sana, maji ya huku hutoka asubuhi, hurudi alasiri. Tukatandika chini ya mvinje, watoto wakakimbizana na kaa. Saa tisa hivi maji yakarudi kimyakimya, mimi nimesinzia, yakabeba ndala zangu. Iliyopatikana ni ya kushoto.

Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haiendi mbali. Pacha wavae viatu vya plastiki, kwenye mawe kuna wale wadudu wa miiba myeusi.

Halafu pale kivukoni usimharakishe mama. Mto ule ni maji ya kwetu. Weruweru na Kikafu zinaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia Nyumba ya Mungu, ikitoka hapo ndiyo Pangani yenyewe, inapita Korogwe mpaka baharini. Mwambie maji ya Machame yamemtangulia.

Mwalimu, Same
Naunga mkono Ushongo. Msidanganywe na njia ya mkato ya Muheza, mimi ilinila tairi. Na afadhali Desemba kuna kaskazi. Nilienda Julai kusi likivuma, wali ukawa na mchanga kuliko nazi.

Mama Pacha, Pasua
Asanteni sana. Nimemsomea mama mkwe yote. Habari za mwezi amesema ahesabu mwanawe. Yeye ameuliza jambo moja tu: hayo maji ya Machame yakifika kivukoni yanakuwa na chumvi? Anataka kuteka chupa.

Baba Neema, Sakina
Bahari ikijaa hupanda mtoni, kwa hiyo chumvi ipo. Mwambie ateke yakiwa yamekupwa.

Mama Pacha, Pasua
Anasema atateka mara mbili.