Peugeot ya Baba

Kikundi: NYUMBA YA SHELLA, MALINDI
Ijumaa, baada ya Isha

Salim: Asalaam aleikum wote. Ni habari ya gari la marehemu Baba. Fundi wa bodi amenipa hesabu mpya, 180,000 mpaka limalizike, rangi mbali. Peke yangu siwezi. Kila mtu aseme: tuchange au tuache?

Badi: Waaleikum salaam. 180? Si Maulidi tuliambiwa yamebaki mabati mawili tu?

Salim: Yule alikuwa fundi wa kwanza. Alipaka puti juu ya kutu akenda zake. Huyu wa sasa amebandua yote, ndio tumeona yaliyo chini.

Zuhura: Mimi niko mbali, sitaki kusema sana. Lakini 180 si mtu ashaanza kulipia Probox?

Salim: Probox ni Probox, Zuhura. Hii ni 504 stesheni wagoni. Viti safu tatu, nyuma springi nne. Lipakie magunia ya nazi uone kama litakaa chini.

Ami: Na 504 ndiyo iliyochukua Safari Rally 1975, dereva Ove Andersson. 1978 ikachukua tena. Mwaka ule wa 75 mvua

Mwanaisha: Ami tafadhali, mvua ya 75 tuiweke kesho 😂

Badi: Ya Andersson haikuwa na kuku. Hii yetu wanatagia kiti cha nyuma.

Mama: Leo mayai manne.

Salim: Jamani nauliza swali la maana.

Shemeji Kombo: Salim usikasirike. Niseme kama fundi, si kama shemeji. Injini haina neno. Bloku ni chuma, silivu zake, yaani mapipa pistoni zinamopanda na kushuka, zachomoka, unatia mpya bila kuchonga bloku. Hedi ni aluminiamu, ilipinda siku ile ilipochemka Mtwapa, inapelekwa Mombasa inasawazishwa. Hiyo ni kazi ya kawaida. Shughuli ni bodi.

Salim: Bodi ndiyo inayotengenezwa.

Shemeji Kombo: Sikiliza kwanza. Land Rover za zamani zina chesisi yake, bodi imewekwa juu. Chesisi ikioza unatafuta nyingine, bodi unairudisha. 504 haiko hivyo, bodi yenyewe ndiyo chesisi. Jana alasiri nilipita hapo na sumaku ya spika kuukuu. Niliiweka chini ya mlango wa dereva, ikadondoka. Nikasogea nyuma, ikadondoka. Maana yake hapo hamna bati, ni puti. Nikaingia chini upande wa kulia, pale springi inapoegemea bodi. Nilisukuma bisibisi kwa kidole gumba tu. Imeingia mpaka mpini.

Badi: Subhanallah

Salim: Hapo hapo ndipo anapotaka kuchomelea.

Shemeji Kombo: Achomelee kwenye nini? Bati jipya lataka bati zima la kushikia. Nilitia jeki, gari halikuinuka. Jeki ndiyo iliyoingia sakafuni. Sasa pakia hizo nazi zako halafu ukutane na shimo kule Gede.

Zuhura: Lakini si lilikuwa limefunikwa turubai miaka yote?

Shemeji Kombo: Turubai ndilo lililolimaliza. Nailoni yafuga unyevu. Nyumba iko bahari hapo, kusi ikivuma ile chumvi yaingia kwa chini na haitoki. Bora lingekaa wazi chini ya makuti lipate hewa.

Badi: Mimi nasema tuache. Samahani Salim.

Zuhura: Na mimi.

Ami: Haya, mmeanza kupiga kura. Nani amewaambia hili ni la kura? Gari ni la nani?

Salim: La Baba.

Ami: Maiti hana gari. Ni mirathi, na mirathi haijagawanywa. Logibuku ina jina la ndugu yangu mpaka leo, na NTSA, wale wa kusajili magari, hawatalibadilisha bila karatasi ya korti. Hata Salim angelimaliza liwe linang'ara, angeliendesha kwa jina la nani?

Mwanaisha: Ami sasa umesema.

Ami: Hesabu hii hapa. Mama yenu thumni, moja ya nane, kwa kuwa kuna watoto. Kilichobaki, wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Ligaweni mafungu 48. Mama 6. Salim 14, Badi 14. Zuhura 7, Mwanaisha 7. Mimi simo, watoto wa kiume wapo, kwa hivyo msinitie.

Badi: Wa chuma chakavu alisema atatoa 40,000.

Mwanaisha: Mafungu yangu 7 yanakuja 5,833. Alhamdulillah, nimetajirika.

Salim: Cheka tu. Na pesa nilizotia mimi? Taa za mbele, rejeta, yale mabati yote?

Zuhura: Hizo arudishiwe kwanza kabla ya kugawa. Mimi sina tatizo.

Ami: Usiseme hivyo haraka haraka. Ametia kama zawadi, ametia kama deni, au ametia akidhani gari ni lake? Hilo tutamuuliza Kadhi, nisije nikawafutu hapa kwa simu. Salim, risiti unazo?

Salim: Baadhi.

Ami: Zitafute.

Mwanaisha: Mama ametuma sauti kwangu, anasema kidole kimechoka. Naandika alivyosema: "Nyote mwasema gari la Baba, gari la Baba. Babenu mwenyewe alitaka kuliuza tangu Zuhura hajaolewa. Watu walikuja, akitaja bei wakarudi walikotoka, mwamjua alivyokuwa. Mimi gari hilo nalipenda. 1990 tulivuka nalo Kilifi kwa kivuko, daraja halijafunguliwa, nina Salim tumboni, foleni haisogei. Akashuka akanitafutia madafu. Hayo ninayo, hayaozi. Lakini ule ua ni wangu na nataka jiko la nje. Moshi umenichosha."

Salim: Mama, nilitaka nikupeleke Mombasa nalo siku moja.

Mama: Nipeleke kwa matatu mwanangu. Nikae mbele.

Badi: 😂😂

Shemeji Kombo: Basi niongeze moja. Msimpe wa chuma chakavu gari zima, hiyo ni kulitupa. Pale Mambrui kuna mtu ana pikapu ya 504, anatafuta injini na giaboksi. Milango miwili ya nyuma ni mizima, vioo vyote vizima, difu haina kelele. Viuzwe kimoja kimoja. Bodi iliyooza ndiyo apimiwe wa mizani.

Zuhura: Hiyo nakubali. Salim je?

Zuhura: Salim?

Salim: Nipo. Nimetoka nje kulitazama.

Salim: Kombo, hapo pa springi nami nimejaribu. Kwa ufunguo wa nyumba.

Shemeji Kombo: Na?

Salim: Haya. Liuzwe vipande. Lakini Ami atangulie kwa Kadhi, na kisiguswe kitu mpaka wote watano tutie sahihi. Sitaki kesho nisikie Salim amekula mirathi.

Ami: Sasa umenena. Jumatatu asubuhi nakupitia. Njoo na cheti cha kifo, vitambulisho na logibuku.

Mama: Na kuku mniwekee pakacha kabla hamjaondoa kiti. Yule mweupe ameatamia.

Salim: Mama sawa. Ila usukani siuzi. Ule nautaka mimi.

Badi: Usukani una mafungu mangapi, Ami?

Ami: 48 vilevile.

Mama: Yangu nimempa.

Mwanaisha: Yangu 7 nauza. Mia mbili.

Salim: Natuma sasa hivi.