Naomba ushauri: ripoti inasema uvimbe wa saratani ya tonsili umejaa seli za kinga. Je, ni dalili njema?

Msindikizaji (mleta uzi)
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mjomba wangu, ambaye hajawahi kuvuta sigara, amegundulika kuwa na saratani ya tonsili iliyofika kwenye tezi za shingo. Majibu ya kinyama kilichokatwa yanasema kwamba kipimo cha protini ya p16 ni chanya, kwamba saratani hiyo inahusishwa na virusi vya papiloma (HPV), na kwamba ndani ya uvimbe kuna limfosaiti nyingi, yaani seli za kinga. Jambo hilo la mwisho ndilo lililoigawa familia. Wapo wanaosema kwamba mwili tayari unapambana, hivyo apunguziwe mionzi na dawa zitakazomtesa. Wengine wanaona kinga imeshindwa, na wanamletea vidonge vya kuongeza kinga. Matibabu yanaanza karibuni, na mimi ndiye ninayemsindikiza kliniki. Naomba kueleweshwa: seli hizo zinafanya nini humo ndani, na je, zinabadilisha lolote katika matibabu?

Hadubini
Pole sana ndugu, na umfikishie mjomba pole zetu. Nafanya kazi katika maabara ya patholojia, kwa hiyo nitajibu upande wa ripoti.

Saratani nyingi za koo zinazotokana na HPV, takribani 9 kati ya 10, husababishwa na aina ya 16. Virusi hivi huifanya seli itengeneze protini mbili, E6 na E7. E6 huangamiza p53, protini ambayo kwa kawaida huilazimisha seli iliyoharibika ijirekebishe au ife. E7 huzima protini inayozuia seli kugawanyika ovyo, na p16 hurundikana kutokana na hali hiyo, ndiyo maana tunaipima kama kiashiria. Kwa swali lako, jambo la msingi ni kwamba E6 na E7 ni mali ya virusi, si ya mwili, na seli ya saratani haiwezi kuziacha kwa sababu inazitegemea ili iendelee kuishi. Seli T za aina ya CD8, limfosaiti ambazo kazi yake ni kuua seli zilizoambukizwa, zina kitu kigeni cha kutambua wakati wote. Seli B, limfosaiti za aina nyingine, nazo hujikusanya humo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba baadhi yake hutengeneza kingamwili (protini za kinga zinazonasa adui) dhidi ya protini za virusi ndani ya uvimbe wenyewe. Kwa hiyo ndiyo, wingi wa limfosaiti kwa kawaida huambatana na matokeo mazuri zaidi.

Muuguzi_Onkolojia
Nakubaliana na Hadubini, ila naomba familia isiruke hatua. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia wagonjwa wa saratani ya koromeo waliotibiwa kwa mionzi na kemotherapi: baada ya miaka 3, asilimia 82.4 ya wenye HPV walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 57.1 ya wasio na HPV. Wagonjwa hao walipata matibabu kamili; takwimu hiyo haisemi kwamba kinga peke yake ingetosha.

Wazo la kupunguza ukali wa tiba limejaribiwa kwa nia njema kabisa. Katika jaribio moja ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2018, wagonjwa wenye HPV walipewa dawa ya setuksimabu badala ya sisplatini, ambayo ni kemotherapi ya kawaida, pamoja na mionzi, kwa matumaini kwamba madhara yangepungua. Makadirio ya kuishi miaka 5 yalikuwa asilimia 77.9 kwa setuksimabu na asilimia 84.6 kwa sisplatini. Jaribio jingine la wakati huohuo lilifikia hitimisho lilelile. Mjomba asipunguze chochote nje ya uamuzi wa madaktari wake au utafiti unaosimamiwa.

Msindikizaji
Nawashukuru sana. Kinachonisumbua sasa ni hiki: ikiwa seli hizo zinamtambua adui, kwa nini uvimbe umekua hadi kufika shingoni?

Hadubini
Hilo ndilo swali lenyewe. Tonsili ina mifereji ya ndani ambako utando wake hubeba PD-L1, protini inayogusa PD-1 iliyo juu ya seli T na kuipunguza makali, kama breki. Virusi hupata maficho hapo, na baadaye saratani hutumia njia hiyohiyo. Seli T zinazosisimuliwa muda mrefu bila kushinda huchoka, na kuna seli T nyingine, za udhibiti, ambazo hutuliza mapambano. Zipo, zinatambua, lakini zimezuiwa.

Ugunduzi kwamba saratani inaweza kutibiwa kwa kufungua breki za kinga za namna hii uliwapa wanasayansi James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel ya mwaka 2018. Dawa za nivolumabu na pembrolizumabu huifungua breki ya PD-1, na hutumika hasa pale saratani inaporudi au kusambaa. Hata hapo, wengi hawapati nafuu. Avelumabu, dawa nyingine ya kufungua breki hiyo, ilipoongezwa kwenye mionzi na kemotherapi tangu mwanzo, haikuleta faida iliyotarajiwa.

Muuguzi_Onkolojia
Hapo ndipo hoja ya vidonge inapoanguka. Tatizo si uchache wa kinga, na hakuna kidonge cha dukani kilichothibitishwa kufungua breki hizo. Baadhi ya virutubisho huingiliana na kemotherapi, kwa hiyo vibebeni vyote kliniki, mwonyesheni daktari kabla mjomba hajameza hata kimoja. Jambo ambalo familia inaweza kulisimamia kwa uhakika zaidi ni lishe: kumeza kutakuwa kugumu wakati wa mionzi, na mtaalamu wa lishe aonwe mapema, kabla uzito haujashuka.

Msindikizaji
Swali la mwisho: chanjo ya HPV itamsaidia mjomba?

Muuguzi_Onkolojia
Haitatibu saratani aliyonayo. Chanjo hiyo huandaa kingamwili zinazozuia virusi kuingia kwenye seli, ilhali seli za uvimbe zimekwisha kubeba vinasaba vya virusi ndani yake. Chanjo za tiba, zinazolenga kuzifundisha seli T kushambulia E6 na E7, bado ziko kwenye majaribio. Muulizeni daktari wake kama kuna jaribio linalomfaa. Watoto wa familia waliofikia umri wa kuchanjwa, wavulana kwa wasichana, wapelekwe.