Yule mgeni wa kikaratasi, na mnamjua vizuri tu

Wakuu, naandika huku mkono unatetemeka. Yule mgeni aliyekuja kuwinda, msijifanye hamumjui, yule mwenye viatu vinavyolia kwichi kwichi porini halafu anauliza mbona wanyama wanakimbia, leo kaondoka. Nyayo za nyati nimesoma mimi, kinyesi nimechambua mpaka najua kalala wapi, vijiti vya kulengea nabeba mimi, bunduki yake mimi, maji yake mimi, ilibaki nimbebe yeye mgongoni. Kakosa, kakosa tena, kapata, kapiga picha utadhani kamkaba kwa mikono. Halafu kwenye kuagana ananipa mkono na ndani ya kiganja kuna kitu kimekunjwa. Kinalia kabisa, mnaijua ile sauti. Nikashukuru kwa mikono miwili, nikachomoka hadi nyuma ya banda la kuchunia ngozi, nafungua, KIKARATASI. Kimeandikwa asante na kachora uso unacheka. Uso unacheka wakuu!! Kimekunjwa mara nne kama noti! Na asiseme hakujua, ada ya nyara, ile ya kumlipia mnyama uliyempiga, kalipa bila kuguna na maelezo ya kambi yanasema wazi tipu haimo kwenye bei. Angenipa mkono mtupu ningemezea, sasa kukunja? Kukunja ni kwa nini?

Chumvi_Mbichi: Kumbe ni wewe uliyepiga teke ndoo yangu ya chumvi nyuma ya banda. Ngozi ikichelewa chumvi manyoya yananyonyoka halafu analaumiwa mchunaji.

JichoKavu: Mikono miwili 😂😂 goti ulipiga pia?

Mgeni_Mstaarabu: Poleni. Kwetu wateja huwa tunauliza mapema kambi inapendekeza nini. Marekani wengi wanataja asilimia 10 hadi 20 ya bei ya safari, na unatoa hata ukirudi bila mnyama maana watu wamefanya kazi.

Mleta uzi: Mkuu sijauliza asilimia. Nauliza KUKUNJA.

Sufuria: Wafuata nyayo mna bahati mnapewa mkononi. Yetu sisi wa jikoni inawekwa kwenye bahasha moja kwa meneja, ikitufikia imekonda kama imeumwa. Na aliyeamka usiku kuwasha moto ni nani?

JichoKavu: Sufuria wewe ugali wako unatakiwa utulipe sisi.

Sufuria: Njoo kesho uone utakula nini.

Mgeni_Mstaarabu: Ndio maana mimi nagawa bahasha kila mtu na yake, mwindaji bingwa anayetuongoza yake, mfuata nyayo yake, jikoni yake. Ila na nyie kambi mna mambo, niliwahi kulipishwa ada nzima ya mnyama aliyejeruhiwa akapotea.

Chumvi_Mbichi: Ndio kanuni ya kambi nyingi, damu ikionekana huyo wako.

Mgeni_Mstaarabu: Damu gani, lilikuwa tone.

Chumvi_Mbichi: Tone ni nini kama si damu.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye kikaratasi.

Mgeni_Mstaarabu: Na lile tone lilikuwa limekauka, huenda hata la mnyama mwingine.

Sufuria: Kikaratasi gani tena?

JichoKavu: Ukimaliza nacho nipe niwashie sigara.

Chumvi_Mbichi: Mgeni, limekauka kwa sababu mlichelewa kumfuata. Ulipiga saa ngapi?